Mwanamke Asiyesadikiwa: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Hadithi za Taharuki

Barua nyingi za mwezi huu zimehusu jambo moja, nalo ni riwaya na filamu za taharuki za kisaikolojia, hasa zile ambazo mhusika wake mkuu ni mwanamke anayeumia na hakuna anayemsadiki. Nimechagua nne. Anayepanga kusoma au kutazama kazi zinazotajwa humu, na hataki kujua mwisho wake, aahirishe ukurasa huu, kwa kuwa siwezi kuwajibu waulizaji bila kufichua mafumbo.

SWALI: Mwalimu, salamu nyingi. Mimi na wenzangu hapa Kisauni hubadilishana riwaya, na tumeona kwamba katika nyingi za hizi za taharuki mwanamke ni mlevi, au anameza dawa za usingizi, au amepoteza mtoto, na kwa sababu hiyo kila analoliona hutiliwa shaka. Mwenzetu mmoja anasema vitabu hivi vinatutetea, maana mwishowe huthibitika kwamba mwanamke alisema kweli. Mimi naona vinafanya biashara kwa maumivu yetu. Ni nani mwenye haki kati yetu? (Msomaji wa Kisauni)

JIBU: Dada yangu, nyote wawili mna haki, ila si kwa vitabu vilevile. Mimi hupima kazi hizi kwa swali moja: je, maumivu ya mwanamke huyu yana sababu inayoonekana ndani ya hadithi, na je, yeye mwenyewe anaruhusiwa kuyafikiria, au ameumizwa ili tu msomaji apate mtu wa kumshuku?

Tuanze na kazi iliyowafundisha wengi. Mwaka 1938 mwandishi wa Uingereza, Patrick Hamilton, alitoa tamthilia yake *Gas Light*, nayo mwaka 1944 ikatengenezewa filamu huko Marekani, ambapo Ingrid Bergman alijipatia tuzo ya Oscar kwa kuigiza nafasi ya mke. Katika filamu hiyo mume huficha vitu vya nyumbani kisha humlaumu mkewe kwa kuvipoteza. Huondoa picha ukutani na kushikilia kwamba aliyeiondoa ni mke. Na usiku, baada ya kuaga kwamba anatoka, hurejea kisiri hadi orofa ya juu kutafuta vito vya mwanamke aliyemuua zamani. Awashapo taa ya gesi huko juu, taa za chini hufifia. Mke huziona zikififia, husikia nyayo darini, na kila alisemapo jambo hilo huambiwa kwamba akili yake inaanza kuharibika. (Kwetu Mombasa hila hiyo isingefika mbali, kwa sababu taa zikififia mtaa mzima utasema ni stima, na mume asingehitaji hata kujieleza.)

Mwanamke huyu si mgonjwa hata kidogo. Hofu yake imetokana na kusoma sawasawa dalili zilizo mbele ya macho yake, na anachokikosa ni mtu wa pili wa kumwambia kwamba naye anaziona. Mpelelezi anapoketi naye na kushuhudia taa ikipungua, yule mke anaanza kurudi katika nafsi yake papo hapo, kabla mhalifu hajakamatwa wala kesi haijasikilizwa. Hapo mwenzako ana hoja nzito, kwa sababu mtazamaji, ambaye kwa saa nzima amekuwa akijiuliza kama mama huyu ana wazimu, analazimika kujiuliza kwa nini aliona rahisi zaidi kumwamini mume.

Riwaya za miaka ya karibuni zimelifanya jambo hili kuwa gumu zaidi. *The Girl on the Train* ya mwaka 2015, iliyoandikwa na Paula Hawkins, mzaliwa wa Zimbabwe aliyehamia Uingereza, ina mhusika, Rachel, ambaye ni mlevi kweli. Alitaka mtoto akakosa, tiba ya kupandikiza mimba ikashindikana, akaanza kunywa, ndoa ikavunjika, na sasa zipo nyakati ambazo hazikumbuki kabisa. Ndani ya mapengo hayo mtalaka wake alimjazia uongo: kwamba alifanya fujo hii, kwamba alimshambulia yeye mwenyewe, kwamba hafai kukaa na watu. Ulevi ni wa kweli na uongo ni wa kweli, na Rachel anabeba aibu ya mambo aliyoyafanya pamoja na mengine ambayo hakuyafanya, asijue kuyatenganisha. Ninaiona hali hiyo kuwa karibu zaidi na maisha kuliko ile ya mke asiye na kosa lolote, kwa kuwa mtu anayedhulumiwa hana wajibu wa kuwa malaika ndipo dhuluma yake ihesabiwe. Tena hadithi inasimuliwa na wanawake watatu wanaohukumiana vibaya, kila mmoja akiwa na kipande cha ukweli na donda lake mwenyewe, hivi kwamba hatuwezi kusema kwamba maumivu ya mwanamke ni kitu kimoja chenye sura moja.

Jambo moja la kitaalamu inafaa lisemwe hapa. Pombe nyingi ikinywewa kwa kasi huzuia ubongo kuhifadhi kumbukumbu mpya, na ndiyo maana mtu aweza kutembea na kuzungumza usiku kucha huku hakuna kinachosajiliwa. Kumbukumbu ambayo haikuhifadhiwa kabisa hairudi. Iliyohifadhiwa kwa vipande huweza kurudi mtu akikumbushwa. Waandishi hupenda hii ya pili, nayo hurudi daima katika sura ya kilele, saa ambayo mwandishi anaihitaji. Sanaa ina ruhusa yake, lakini mwenye ndugu mlevi nyumbani asikae akingoja sura ya kilele.

Sasa nije upande wako. Zipo riwaya nyingi ambamo mwanamke amefiwa na mtoto katika ukurasa wa tatu kwa sababu moja tu, yaani tumshuku tukifika ukurasa wa mia. Mtoto huyo hana jina, hana kaburi, hana bibi anayemlilia, na wala hatumwoni mama yake akigombana na muuza samaki au akicheka kwa bahati mbaya kisha akajionea haya kwa kucheka. Huko ndiko kufanya biashara. Baya zaidi ni pale ambapo ugonjwa wa akili wenyewe unageuzwa kuwa ufumbuzi wa fumbo, tukaambiwa kwamba aliua kwa sababu ni mgonjwa na kitabu kikafungwa, ilhali watu wenye maradhi ya akili hudhuriwa na wengine mara nyingi kuliko wanavyowadhuru. Riwaya ya namna hiyo, dada yangu, irudishe kwa aliyekuazima bila kuomba radhi.

SWALI: Binti yangu yuko kidato cha pili na anapenda sana kutazama filamu hizi kwenye simu. Je, nimkataze? (Mama, Changamwe)

JIBU: Mama, kwanza tazama kiwango cha umri. Bodi ya Kuainisha Filamu nchini Kenya hutumia alama za GE kwa watu wote, PG kwa watoto wakiwa na mwongozo wa mzazi, kisha 16 na 18, na nyingi za filamu hizi huangukia katika mbili za mwisho. Zile zinazomfaa zitazame pamoja naye, angalau mara mojamoja, na mwulize alimwamini nani na aliacha kumwamini katika onyesho lipi. Majibu yake yatakueleza mengi kuhusu anavyowaona wanawake, na huenda pia kuhusu anavyojiona. Akikwambia kwamba yeye mwenyewe hujihisi kama mhusika anayeumia, iache filamu kando na umsikilize, kisha mwende pamoja kwa mhudumu wa afya.

SWALI: Mwalimu, asalaam aleikum. Nilitazama *Gone Girl*, filamu ya mke anayejifanya ameuawa ili mumewe ashtakiwe. Tulipomaliza, vijana wenzangu barazani wakaanza kusema, "Si mwaona, wanawake ni waongo." Nikakosa la kuwajibu. Je, hadithi ya namna hii haiwadhuru wanawake wanaopigwa kweli majumbani? (Msomaji wa Likoni)

JIBU: Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Filamu hiyo ya mwaka 2014, iliyoongozwa na David Fincher, ilitokana na riwaya ya mwaka 2012 ya Gillian Flynn, ambaye pia ndiye aliyeandika mswada wa filamu. Kwa hiyo mkono uliomuumba mhusika huyo, Amy, ni wa mwanamke, na nadhani alijua vyema alilokuwa akilitenda.

Kitovu cha hila yake ni shajara. Kwa nusu ya hadithi tunasoma maandishi ya mke mpole anayeanza kumwogopa mumewe, na tunayaamini mara moja, kisha tunaambiwa kwamba ameyatunga. Wenzako wa barazani wameishia hapo. Lakini jiulize ni kwa nini shajara ile ilituingia kwa urahisi. Ilituingia kwa sababu Amy anaijua sura ya mwanamke anayehurumiwa, yaani mpole, mcheshi, mvumilivu, asiyeinua sauti, na akaivaa sura hiyo kwa makusudi. Maumivu yake halisi yako kwingine, katika hasira ya mtu aliyeishi maisha yake yote akiigiza: utotoni wazazi wake waliandika vitabu vya watoto kuhusu msichana kamili mwenye jina lake, hivi kwamba kila alipokosea yeye, yule wa kwenye karatasi alifaulu, ukubwani akaigiza mwanamke wa kumpendeza mume. Hasira ni hisia ambayo hadithi nyingi huwanyima wanawake wanaoumia, na ninamshukuru Flynn kwa kuiandika bila kuipaka sukari.

Hata hivyo, wasiwasi wako una msingi, na wahakiki wengi wameueleza. Amy hubuni mashtaka ya kubakwa, na jambo hilo, likitazamwa na watu wenye dhana zao tayari, huwapa wanalolitaka. Waambie vijana wa barazani mambo mawili. La kwanza, hakuna mtu aliyewahi kutazama filamu ya muuaji wa kiume akahitimisha kwamba wanaume wote wa Likoni ni wauaji. La pili, wakitaka ushahidi wasiutafute kwenye filamu: utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamepigwa au kuumizwa mwili tangu walipotimiza miaka 15. Wale wanaoketi nanyi barazani wana mama na dada, na hesabu hiyo inawahusu.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninaandika riwaya yangu ya kwanza ya taharuki. Mhusika wangu anaishi Mji wa Kale, mumewe ni baharia, naye amejifungua miezi michache iliyopita. Anaamini kuna mtu anayeingia nyumbani usiku. Mama mkwe anasema ana pepo. Wasomaji wangu wa mwanzo wanalalamika kwamba mke huyu ni mkimya mno, halii, na hawayahisi maumivu yake. Je, nimfanye aseme zaidi? (Mwandishi chipukizi, Mji wa Kale)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usimwongezee machozi. Wasomaji wako wamegusa tatizo la kweli lakini wamelipa dawa isiyo yake. Wanachokikosa ni fikra za mke huyu, nao wanadhani akilia watazipata.

Huku kwetu Pwani mwanamke hulelewa kuyasitiri ya nyumbani, na ukimya wake huwa umejaa maneno. Mwana Kupona binti Msham wa Pate, alipotunga utendi wake mwaka 1858, alimwita bintiye amkaribie, akamwambia kwamba maradhi yamemshika mwaka mzima asipate kumwambia neno jema, kisha akageukia wasia wa dini, adabu, usafi na namna ya kuishi na mume, na kwa beti nyingi hali yake mwenyewe haitajwi, hadi kwenye dua. Msomaji makini huusikia mwili unaouma nyuma ya kila agizo. Jifunze hapo. Mpe mke wako kazi za mikono na maagizo ya kutoa, na maumivu yapitie humo. Akimweleza msichana wa kazi namna ya kukunja nguo za mtoto, kisha akamweleza tena, kisha tena kwa sauti ileile, tutajua mengi kuliko katika kurasa mbili za kilio.

Unazo leso pia. Mama mkwe akimletea zawadi ya leso, jina lake litasomwa kabla ya rangi kutazamwa, na kila mwanamke wa Mombasa anajua kwamba jina hilo laweza kuwa dua au kijembe, na kwamba mtoaji aweza kuikana maana yake wakati wowote. Kwa mwandishi wa taharuki hii ni hazina: ushahidi ulio wazi, unaosomwa na mtaa mzima, na usioweza kupelekwa mbele ya mtu yeyote.

Kuhusu pepo, uwe na hadhari. Katika ngoma za kupunga pepo mwenye pepo huitwa kiti, na pepo akipanda husema kwa kinywa cha kiti, hudai nguo, marashi au chakula fulani, na pengine humkaripia mume mbele ya watu, naye mume hana budi kusikiliza kwa kuwa anayesema si mkewe. Wapo wanaoamini na wapo masheikh wanaokemea. Riwaya yako haina haja ya kuwa kadhi. Kwako wewe jambo la maana ni kwamba mama mkwe, akisema "ana pepo," huenda anamnyamazisha mkaza mwanawe, na huenda, bila yeye kujua, anampa mlango wa kusemea ambao hakuwa nao. Acha maana zote mbili zibaki hai kwa kadiri utakavyoweza. Ila pepo asije akawa jibu la fumbo, kwa maana hapo utakuwa umefanya lilelile la wale wanaofunga kitabu kwa neno wazimu.

Jambo zito kuliko yote umelitaja kwa haraka, nalo ni kwamba amejifungua. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba kiasi cha asilimia 13 ya wanawake waliotoka kujifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na katika nchi zinazoendelea ni karibu asilimia 20. Sasa ifikirie arobaini. Kwa siku zile mama hukandwa, hupikiwa, hulala huku nyumba imejaa mashangazi na sauti zao. Kisha arobaini inatoka, mashangazi wanaondoka, mume amerudi baharini, na nyumba inabaki na mtoto mmoja anayelia. Riwaya yako inaanzia hapo, hata kama kwa sasa umeianzia kwenye nyayo za usiku.

Kuna hadithi fupi ya Mmarekani Charlotte Perkins Gilman ya mwaka 1892, *The Yellow Wallpaper*, ambayo ningependa uisome kabla hujaendelea. Mama aliyejifungua karibuni anawekwa na mumewe, ambaye ni daktari, katika chumba cha juu ili apumzike, na anakatazwa kuandika, naye anaandika kwa siri mpaka akili inamponyoka. Gilman mwenyewe alitibiwa hivyo mwaka 1887 na daktari mashuhuri, Silas Weir Mitchell, aliyemwagiza aishi maisha ya nyumbani na asishike kalamu tena. Usiige chochote katika hadithi hiyo, ila tazama jinsi mume asivyo katili. Anampenda mkewe, anamwita kwa majina ya mapenzi, na kwa upole huohuo anamfunga mdomo. Baharia wako asiwe mtu mbaya. Katika simu zake kutoka melini aseme yale ambayo mume mwema wa Mombasa angeyasema: pumzika, soma Kurani, mwite mama akae nawe. Kila neno liwe la huruma, na kila neno limwache peke yake zaidi.

Dalili za mwizi zisiwe za kisinema. Chagua mambo ambayo kila nyumba ya Mji wa Kale ina maelezo yake: maji ya tangi yamepungua kuliko kawaida, mlango wa kupandia darini una komeo lililolegea, harufu ya udi imo chumbani asubuhi ambayo hakuna aliyefukiza. Jirani wa ng'ambo ya kichochoro, ambaye roshani yake inatazamana na ya mke huyu, aweza kuwa ameona kitu, lakini mpe sababu yake ya kunyamaza, nayo iwe sababu ambayo msomaji ataionea haya kwa kuielewa.

La mwisho ni ujenzi wa msuko. Usimkamate mwizi katika sura ya mwisho, kwa kuwa ukifanya hivyo utakuwa unatuambia kwamba ugonjwa wa mama huyu ulikuwa mwizi, na sasa amepona. Mkamate mapema, hata katika theluthi ya pili ya kitabu. Mama mkwe aombe msamaha, kufuli libadilishwe, majirani waseme kumbe alikuwa na haki, halafu mwache mke huyu akiwa bado halali usiku na hana tena mtu wa kumsingizia hofu yake. Kurasa zitakazofuata hapo ndizo zitakazokutoa jasho, na ukinitumia mswada, anza kunitumia hizo.